Mali Bila Daftari: Kumbukumbu za Wadudu wa Misitu katika Afrika Mashariki

Mwezi Juni mwaka 1991 wataalamu wa misitu kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Muguga, karibu na mji wa Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya. Hawakukutana kuzungumzia moto, wala ukame, wala watu wanaokata miti kwa wizi. Walikutana kwa ajili ya mdudu ambaye urefu wake ni kama nusu ya punje ya mchele, na tatizo alilolileta mdudu huyo walilihesabu kuwa ni hatari kubwa kwa misitu ya Afrika nzima.

Mdudu mwenyewe ni kidukari wa msaipresi. Msaipresi ni mti wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, ulioletwa huku wakati wa ukoloni na kupandwa kwa wingi katika nyanda za juu, kwa sababu hukua upesi na hutoa mbao nyoofu. Wananchi wengi wa Kilimanjaro, Lushoto, Nyeri na Kiambu huujua hata kama hawalijui jina lake, kwani ndio mti uliopandwa kuwa ua wa shule, wa kanisa na wa nyumba za watu, na ndio uliotoa mapaa na madawati. Kidukari hukaa kwenye vitawi vyake na kufyonza utomvu, huku akiingiza mate yenye sumu ndani ya mti. Majani hugeuka rangi ya kahawia kuanzia ndani kwenda nje, tawi hukauka, na mti ulioshambuliwa sana hufa wote.

Mwaka 1986 kidukari huyo alionekana Malawi, ambako baadaye aliushambulia hata mti wa asili wa nchi hiyo, yaani mwerezi wa mlima Mulanje. Mwaka 1988 alikuwa Tanzania. Haikupita miaka miwili mingine kabla ya kuonekana Burundi, Rwanda na Uganda, na mwaka 1990 akaingia Kenya. Hakuulizwa pasi wala hakulipa ushuru mpakani. Wataalamu waliofanya hesabu baadaye walikadiria kwamba hadi mwaka 1990 alikuwa ameua miti yenye thamani ya dola za Kimarekani milioni 44 katika nchi alizozivamia, na kwamba kila mwaka alizipotezea nchi hizo dola milioni 14.6 nyingine kwa kuidumaza miti iliyobaki hai.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kwa kawaida huambiwa wenye maduka. Leo tungependa kuonyesha kwamba inawahusu wenye misitu pia, na kwamba katika Afrika Mashariki liko daftari moja la thamani kubwa ambalo wananchi wengi hawajapata kulisikia. Hilo ni daftari la wadudu wa misitu, lililoandikwa kidogo kidogo kwa muda wa zaidi ya miaka 100 katika nchi zetu jirani.

Bwana miti akikuta shamba la miti linakauka, maswali ya kwanza ni machache na ni mepesi kuyauliza. Mdudu huyu ni mgeni au ni mwenyeji? Ikiwa ni mwenyeji, mbona zamani hakudhuru? Nani alikuwa akimla? Ikiwa ni mgeni, ametoka wapi, na huko kwao ni mdudu gani au ndege gani anayempunguza? Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linaloweza kujibiwa kwa kuutazama mti peke yake. Hujibiwa kwa kutazama yaliyoandikwa na waliotangulia, na kwa kumlinganisha mdudu wa leo na mdudu aliyechomwa pini miaka 50 iliyopita, ambaye chini yake pana kipande cha karatasi chenye kutaja mahali, tarehe na mti alikookotwa. Karatasi hiyo ikipotea, mdudu aliyebaki kwenye sanduku hana maana tena. Amekuwa takataka.

Kazi ya kuandika daftari hili ilianza hapa kwetu. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianzisha chuo cha utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Haikufanya hivyo kwa kutupenda. Ilitaka faida ya katani, mpira, kahawa na mbao, na ilitambua kwamba asiyewajua wadudu wa nchi hii angepanda na wao wangevuna. Miongoni mwa wataalamu wa mwanzo wa Amani alikuwamo Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama, aliyechunguza wadudu wa mimea; na kuanzia mwaka 1905 hadi vita vya mwaka 1914 palichapishwa jarida la Kijerumani la wakulima, Der Pflanzer, ambalo ndani yake habari nyingi za wadudu zimehifadhiwa hadi leo.

Katika kazi hiyo liko jambo ambalo historia haina budi kulisema wazi. Vielelezo vilipelekwa Ulaya, na majina yaliyoandikwa ni ya wakubwa waliovituma. Watu wa Usambara waliopanda miti, waliobeba masanduku, waliojua ni msimu gani mdudu fulani hutoka na ni mti gani anaoupenda, hawakuandikwa. Walitumika kama macho na mikono, na elimu yao ikaingia katika vitabu bila majina yao. Huu ni upungufu wa daftari tangu ukurasa wake wa kwanza, na hauwezi kurekebishwa kwa kulichoma daftari. Hurekebishwa kwa kulisoma vizuri na kuliendeleza kwa haki.

Baada ya Waingereza kuichukua nchi, Amani ililala kwa muda, kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafufuliwa kuwa kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki nzima. Jarida la kilimo la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1935. Mwaka 1948 likaundwa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, na makao yake yakawekwa Muguga. Hivyo ndivyo kitovu cha elimu hii kilivyohama kutoka Usambara kwenda Kenya, kikabaki ni mali ya pamoja ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar.

Huko Muguga daftari lilianza kuwa na sura ya daftari. Mwaka 1957 J. C. M. Gardner, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi hiyo hiyo katika misitu ya India, alitoa orodha yenye maelezo ya wadudu wa misitu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1967 K. W. Brown alitoa orodha ya namna hiyo kwa ajili ya Uganda, nayo ikachapishwa Entebbe. Msomaji wa kawaida akivifungua vitabu kama hivyo ataona majina ya Kilatini yamepangwa mstari baada ya mstari, na huenda akavifunga mara moja. Lakini kila mstari ni jibu la swali ambalo bwana miti wa miaka iliyofuata angeliuliza: nani anakula mti gani, na wapi ameonekana.

Tutoe mfano mmoja wa faida yake. Katika misitu ya asili ya Kenya na Tanzania anaishi mbawakawa mwenye papasi ndefu ambaye wataalamu humwita Oemida gahani. Ni mwenyeji wetu wa tangu zamani. Misaipresi ya kigeni ilipopandwa katika nyanda za juu, mbawakawa huyo aliihamia. Funza wake walitoboa njia ndani ya gogo, na mti ambao kwa nje ulionekana mzima, ulipofikishwa kwenye kiwanda cha mbao ulitoka na matundu. Watu wangeweza kukata tamaa na mti huo, au kutumia fedha nyingi kununua sumu. Uchunguzi ulioandikwa na kufuatwa mwaka baada ya mwaka ulionyesha kwamba mdudu huyo huingia kwa kupitia jeraha: kibutu cha tawi lililokauka, au mahali gome lilipochubuliwa na wanyama. Kwa hiyo kinga yake ni kupogolea miti mapema kabla matawi hayajafa na kunenepa, na kuilinda miti isijeruhiwe. Panga la kupogolea na ratiba vilifanya kazi ambayo sumu isingeiweza, na ratiba hiyo ilitoka katika daftari.

Mfano wa pili ni wa mgeni. Mwaka 1968 kidukari mwenye manyoya meupe kama pamba alionekana Kenya katika misonobari. Alikuwa ameingia pamoja na vikonyo vya kupandikizia vilivyoletwa kutoka Australia, kama alivyokwisha kuingia kwa njia hiyo hiyo katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe mwaka 1962. Yaani mdudu hakuletwa na upepo wala na adui. Aliletwa na watu waliokuwa na nia njema ya kuboresha miti. Katika miaka ya 1970 wataalamu walimtafutia maadui wake wa asili, na mmoja wao akaletwa Kenya kutoka Pakistan. Habari hizo zote ziliandikwa: lini, wapi, mdudu gani aliachiliwa, na nini kilitokea baadaye. Kwa hiyo mtu aliyezisoma kumbukumbu za misonobari alikuwa na fununu ya kutosha kwamba siku moja mgeni mwingine angekuja kwa miti mingine, na kwamba karantini ya mimea ni kazi ya kila siku.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ikavunjika. Kila mtu wa umri wetu anakumbuka au amesimuliwa yaliyogombaniwa: ndege, mabehewa, meli, bandari, nyumba na madeni. Mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983, na mkataba wa kugawana mali za Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984. Ni wachache waliotaja masanduku ya wadudu na maktaba ya Muguga.

Pengine si ajabu. Ndege unaweza kuithamini kwa fedha na kuikabidhi kwa mmoja, na mwingine ukamfidia. Kumbukumbu haigawanyiki hivyo. Ukiwa na orodha ya wadudu wa Afrika Mashariki, huwezi kumpa huyu kurasa za mbele na yule kurasa za nyuma. Muguga ilibaki Kenya, nayo Kenya ilikuwa na haki na wajibu wa kuendelea na kazi katika ardhi yake. Tanzania iliunda Taasisi yake ya Utafiti wa Misitu mwaka 1980. Kenya iliunda ya kwake mwaka 1986, na Muguga ikawa makao yake. Kila nchi ilikuwa na watu hodari. Lakini kile kilichokuwa mazungumzo ya jamaa wa nyumba moja kilikuwa sasa ni barua za kutoka nchi hadi nchi.

Kidukari wa msaipresi alionekana Malawi miaka tisa baada ya Jumuiya kuvunjika. Haitakuwa haki kusema kwamba Jumuiya ingekuwa hai mdudu huyo asingeingia, maana Malawi yenyewe haikuwamo, na vidukari huchukuliwa na upepo na miche bila kujali mikataba. Tunachosema ni hiki: mdudu alipita katika nchi sita kwa muda wa miaka minne hivi, na kila nchi aliyoiingia ilikuwa na mengi ya kujifunza kutoka kwa ile aliyotangulia kuiharibu. Nchi zilizojipanga mstari mmoja mbele ya adui mmoja zinahitaji daftari moja. Mkutano wa Muguga wa mwaka 1991 ulikuwa, kwa namna fulani, kurudi kwa majirani katika nyumba waliyopata kukaa pamoja.

Na daftari lilionyesha thamani yake tena. Mwanzoni mdudu alipewa jina la Cinara cupressi, jina ambalo lilikuwa limetolewa Uingereza tangu mwaka 1881. Lakini vielelezo vya nchi mbalimbali vilipolinganishwa kwa makini, mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba chini ya jina hilo moja walikuwa wamejificha wadudu zaidi ya mmoja, na kwamba yule aliyevamia Afrika ni wa aina ya peke yake. Wakampa jina la Cinara cupressivora, wakaeleza kuwa kwao ni eneo la kuanzia mashariki ya Ugiriki hadi kusini ya Bahari ya Kaspi. Mtu anaweza kuuliza: kuna haja gani ya kubishana juu ya jina la chawa wa miti? Haja yake ni kubwa. Jina ndilo linaloonyesha kwao, na kwao ndiko waliko maadui wake wa asili. Kuanzia mwaka 1994 nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya mwili wa kidukari alianza kuachiliwa Malawi, na baadaye Kenya na Uganda. Kazi ya namna hiyo humtegemea mtu anayejua kwa hakika ni mdudu gani anayempiga vita.

Tangu hapo wageni hawajakoma. Mwaka 1992 walikwisha kufika pwani ya Afrika Mashariki wadudu wa lusina, mti ambao wakulima walikuwa wamehimizwa kuupanda kwa ajili ya malisho na kuni. Mwaka 2002 nyigu anayefanya vinundu kwenye majani ya mikaratusi alionekana Kenya na Uganda, wakati ambapo hata jina la kitaalamu alikuwa hajapewa. Alilipata mwaka 2004. Mkulima mwenye robo eka ya mikaratusi, aliyeihesabu kuwa karo ya mtoto wake, ndiye anayelipa gharama ya kila siku inayopotea kabla mdudu hajatambuliwa.

Sasa tujiulize hali ya daftari lenyewe. Wadudu waliokaushwa huliwa na wadudu wengine. Wapo mbawakawa wadogo sana ambao chakula chao ni vielelezo vya makumbusho, na sanduku lisilofunguliwa na kutiwa dawa kwa miaka michache huweza kukutwa lina pini na vumbi tu. Unyevu huozesha karatasi. Ripoti za mwaka zilichapishwa nakala chache. Na kumbukumbu nyingine hazimo katika karatasi hata kidogo, zimo vichwani mwa mabwana miti wastaafu na walinzi wa misitu ambao waliona mwaka kidukari alipoingia, wakajua upande gani wa mlima miti ilikufa kwanza, na ambao idadi yao inapungua kila mwaka.

Yako mambo ya kutia moyo. Mwaka 2006 Hans Schabel, aliyepata kufundisha elimu ya misitu Morogoro, alichapisha kitabu kikubwa juu ya wadudu wa misitu ya Tanzania, na ndani yake akakusanya habari zilizokuwa zimetawanyika katika majarida ya Kijerumani na ya Kiingereza kwa muda wa karne nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na tangu wakati huo imepanuka kuliko ile ya zamani, ikawaingiza Rwanda na Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Lakini kitabu kimoja cha mtu mmoja, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kuwa badala ya kazi ya serikali nane.

Yanayotakiwa si makubwa kupita uwezo wetu. Kwanza, kila nchi ihesabu ilicho nacho, sanduku kwa sanduku na ripoti kwa ripoti, na hesabu hiyo iwekwe mahali ambapo jirani anaweza kuiona. Pili, nakala zifanywe. Karatasi ya Muguga ikiwa na nakala Morogoro na Kampala, moto au mvua ya mahali pamoja haitaifuta. Tatu, nchi zinazohifadhi Ulaya vielelezo na maandishi yaliyotoka Amani zitoe nakala na picha zake bila masharti ya kutudhalilisha, kwa kuwa vilitoka katika ardhi hii na kwa jasho la watu wa ardhi hii. Nne, wazee waulizwe wangali hai, na safari hii majina yao yaandikwe. Na tano, yaandikwe pia yale yaliyoshindikana, kwa sababu mtafiti asiyejua kwamba jaribio fulani lilishindwa miaka 30 iliyopita atatumia tena fedha ya umma kulishindwa mara ya pili.

Wako watakaosema kwamba nchi zenye upungufu wa dawa na madarasa haziwezi kutumia fedha kwa ajili ya masanduku ya wadudu waliokufa. Hoja hiyo ina uzito, na haistahili kudharauliwa. Lakini madarasa hayo huezekwa kwa mbao za miti hiyo hiyo, na madawati hutengenezwa kwa mbao hizo. Dola milioni 44 zilizoteketea hadi mwaka 1990 zingetosha kuyatunza masanduku yote ya Afrika Mashariki kwa vizazi vingi. Mwenye duka anayekataa kununua daftari kwa sababu fedha ni chache ndiye anayelihitaji kuliko wote.

Mdudu wa kesho labda yuko njiani sasa, ndani ya gogo, ndani ya mche, au katika upepo. Hatujui jina lake. Atakapofika, mpaka hautamzuia, naye hatauliza kama msitu ni wa Kenya, wa Uganda au wa Tanzania. Kitakachotofautisha hasara ndogo na hasara kubwa ni kama bwana miti atakayemwona kwanza atakuwa na mahali pa kufungua na kusoma, na jirani wa kumpa habari siku ile ile.